Hermani Anachagua Miwani ya Mbio

Kata nzima ya Nangwa hakuna jicho linalojua kuchagua kama jicho la Hermani. Tusibishane! Mwenyewe kasema, tena kasema kwa sauti, mnadani, mbele ya watu na ng'ombe wao.

"Mimi nikimwona ng'ombe kwa nyuma tu," husema, "nakwambia mama yake alikuwa anakunywa maji wapi."

Na kwa ng'ombe, tumpe haki yake, hakuwahi kudanganywa. Balaa lilianza siku jicho hilo lilipopelekwa kuchagua kitu kisicho na mkia.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Akonaay, anayefundisha riadha pale wilayani, alitangaza kwamba timu inayokwenda Babati kwenye mashindano ya mkoa imebakiwa na nafasi moja. Moja tu! Vijana watakimbia kutoka Nangwa mpaka Katesh, na atakayefika wa kwanza ndiye anayeandikwa.

Hermani aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Mwaka uliopita aliikosa kwa tofauti ya pua. Pua yenyewe ilikuwa ya Festo, mfyatua matofali wa Katesh, kijana mpole asiye na maneno. Festo akapanda basi kwenda Babati amevaa traksuti ya wilaya, na Hermani akabaki stendi akieleza watu.

"Siyo miguu," alieleza. "Miguu ipo! Ni jua. Jua lilinipiga machoni."

Basi safari hii akafanya utafiti, yaani alishika simu ya dada yake Sara akaangalia video za mbio za Ulaya mpaka chaji ikaisha.

"Umeona, Sara? Wote wamevaa miwani! Mkimbiaji wa maana hakimbii macho wazi. Macho yakiwa wazi upepo unaingia, unajaa kichwani, kichwa kinakuwa kizito."

Sara alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa.

"Kaka, mbona hata yule wa mwisho kavaa?"

"Yule kavaa mibaya," akasema Hermani.

Siku ya mnada wa Katesh akafika kwenye meza ya Raudha. Raudha ni binti wa mfanyabiashara, na meza yake ina kila kitu: mikanda, kufuli, tochi, tupa za kunolea mapanga, na upande mmoja miwani imepangwa kama wanafunzi mstarini.

"Karibu kaka. Ya jua au ya kusomea?"

"Ya mbio," akasema Hermani, na akalisema neno hilo kwa namna ambayo hata muuza viatu wa meza ya pili aligeuka. "Lakini iwe ya bei yetu sisi."

Raudha akamtolea moja. Myembamba, myepesi kama jani la mgomba lililokauka, ina mipira midogo pale inapokaa puani.

"Hii hapa. Ukitoka jasho haitelezi. Inazunguka mpaka pembeni, vumbi haliingii. Na bei yake hata sahani ya wali maharage inazidi."

Hermani akaiweka kiganjani. Akaipima. Uso ukamkunjamana kama mtu aliyeletewa ndama wa kiangazi.

"Hii imekonda, dada."

"Imekonda?"

"Haina nyama! Angalia mbavu zilivyotoka." Akaishika mikono yake kwa vidole viwili, akaifungua na kuifunga, akaisogeza mbali akaitazama kwa kutokea pembeni, akaigonga kichwani kwa ukucha. "Na paji la uso ni dogo. Hii kiangazi haivuki."

"Kaka, ni miwani."

"Najua ni miwani! Imetokea wapi?"

"Arusha."

"Kabla ya Arusha?"

Raudha akamwangalia. Nyuma ya Hermani kulikuwa na mama anataka betri na mzee anataka kufuli. Akaanza kumletea mingine harakaharaka. Ya bluu: Hermani akasema ina macho ya homa. Yenye vioo vya dhahabu: akasema ina madaha, wenye madaha hawazai. Iliyokuwa na pini imelegea: hiyo akairudisha bila kusema kitu, kama mtu aliyeona ugonjwa akaamua kumsitiri mwenye mali.

Halafu jicho likaangukia kwenye kona ya meza, kati ya nyundo na misumari.

Mungu wangu! Myeusi. Minene. Ina mashavu ya chuma, vioo vya mviringo kama vifuniko vya chupa, na mkanda mpana wa mpira wa kuvalia nyuma ya kichwa. Hermani akaiinua, na mkono ukashuka kidogo kwa uzito.

"Hii!" akanong'ona. "Hii ni dume."

"Kaka, hiyo ni ya mafundi wa kuchomelea."

"Ya nini?"

"Ya kuchomelea mageti. Fundi anavaa ule moto usimuumize macho."

Mtu mwingine hapo angeirudisha. Hermani akacheka, akampiga muuza viatu begani ili na yeye ashuhudie.

"Umesikia? Moto wa kuyeyusha chuma hauingii! Sasa jua la Katesh litapitia wapi?"

Muuza viatu akakosa jibu, Raudha naye akakosa jibu, na ndivyo Hermani siku zote anavyoshinda mabishano. Akalipa bila hata kuomba apunguziwe. Ilikuwa rahisi kuliko ile ya kwanza, akaona mwenye meza hajui thamani ya mali yake.

Aliivaa kutoka mnadani mpaka nyumbani. Njiani alilisalimia tangi la maji shikamoo, akakasirika halikuitika. Bibi yake, aliyekuwa mtu kweli, naye hakuitika.

"Shikamoo bibi!"

Kimya.

"Bibi, shikamoo!"

"Anayenisalimia ni nani?" akauliza bibi. "Nasikia sauti ya Hermani, lakini mbele yangu naona mashimo mawili. Mimi siitikii mashimo. Vua!"

Akavua. Marahaba ikapatikana. Lakini bibi alipogeuka tu, miwani ikarudi usoni. "Macho lazima yaizoee," akamwambia Sara, na akajikwaa kwenye jiwe la kusagia.

Asubuhi ya mbio vijana walipanga mstari kiwanja cha mpira cha Nangwa. Wengine peku, wengine na raba za kuazima. Festo alikuwa na fulana yake nyekundu ya mwaka uliopita na macho yake mawili kama alivyopewa.

Mwalimu Akonaay akapita kukagua. Alipofika kwa Hermani akasimama.

"Wewe unakwenda kukimbia au kutengeneza geti?"

Watu wakacheka. Hermani akainua kidevu.

"Mwalimu, teknolojia."

"Unaniona vizuri lakini?"

"Vizuri sana, mwalimu!" akasema, akimwangalia mwenzake aliyesimama pembeni.

Mwalimu akatikisa kichwa, akapanda pikipiki yake, akapuliza filimbi.

Hermani akaondoka kama mshale! Miguu, kama alivyosema, ilikuwepo. Mara akamsikia mtu anahema kulia, mtu anahema kushoto, vumbi, vishindo, kelele za kina mama barabarani. Jua halikumpata kabisa. Jua lenyewe lilikuwa kama taa ya baiskeli ikiwa imefungiwa kwenye gunia. Mlima Hanang, mkubwa vile, haukuwepo. Serikali nzima ingeweza kuhamishwa pembeni ya barabara asijue.

Alijiongoza kwa kokoto. Miguu ikisikia kokoto, hapo ni barabara. Ikisikia majani, rudi.

Halafu jasho likaanza. Joto la mashavu likapanda ndani ya kile chuma, vioo vikatoa ukungu kama sufuria ya makande iliyofunikwa. Kile kidogo alichokuwa anaona kikawa nusu. Na uzito! Shingo ikaanza kuinama, kichwa kikawa kinatangulia mbele kama cha maksai anayevuta jembe.

"Vua miwani!" mtu mmoja akapiga kelele.

Avue? Mbele ya watu? Akapunga mkono kama wanavyopunga wa Ulaya.

Kisha akagundua jambo la kutisha. Kimya. Hasikii mtu anahema, hasikii vishindo, hasikii kitu ila moyo wake mwenyewe.

Wameniacha! akawaza Hermani. Wote wamenipita! Mwaka wa pili huu! Akaliona basi la Babati linaondoka, akaiona traksuti dirishani, akajiona mwenyewe stendi akieleza watu habari mpya.

Hapo ndipo akaona wekundu. Mbele kabisa, kwenye lile giza, kitu chekundu kinarukaruka. Fulana ya Festo!

"Festo!" akasaga meno. "Leo nakupata!"

Wekundu ukakata kushoto. Hermani akakata kushoto. Kokoto zikaisha chini ya miguu, majani yakaanza, lakini sasa nani ana shida na kokoto? Nyuma yake watu wakapiga mayowe: "Siyo huko! Wewe! Rudi barabarani!" Yeye akasikia jina lake linashangiliwa, akaongeza mwendo.

Ule wekundu haukuwa Festo. Ulikuwa shuka ya Mzee Bura, mfugaji, ambaye asubuhi ile ndama wake jike alikuwa amekata kamba na kukimbilia mbugani. Mzee Bura anakimbiza ndama, Hermani anamkimbiza Mzee Bura, na ndama, aliposikia nyuma yake watu wawili badala ya mmoja, akaona maisha yake yako hatarini kweli, akaelekea kule alikoona ng'ombe wenzake.

Na ng'ombe wenzake siku hiyo walikuwa wamekusanyika sehemu moja: kwenye josho jipya la kijiji, lililokuwa linafunguliwa.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri. Viti vya plastiki vimepangwa, mifugo imepangwa upande wa pili. Josho limejazwa dawa mpaka juu, lile shimo refu la saruji ambalo ng'ombe anatumbukia upande huu na kutokea upande ule akiwa hana kupe. Mlangoni pake wamefunga utepe wa kijani na njano. Mgeni rasmi kashika mkasi. Getruda, daktari wa mifugo, kashika sahani ya mkasi. Mpiga picha kasema, "Tayari!"

Ndama akapita pembeni, akaingia kundini. Mzee Bura, mtu mwenye adabu, alipoona wageni akasimama.

Hermani akampita. Kampita! Pua ya mwaka jana imelipwa! Na mbele yake, kwenye ukungu, akauona mstari wa utepe uliovutwa, na watu huku na huku, na kelele.

Mwisho wa mbio ni nini kama siyo hivyo?

Akainua mikono yote miwili. Akatoa kifua.

"WA KWANZAAA!"

Utepe ukakatika. Mgeni rasmi akabaki na mkasi hewani. Na Hermani, kifua mbele, mikono juu, akatembea hewani kidogo, kisha akazama joshoni mzimamzima, na lile wimbi likalowesha meza kuu.

Watu wakapiga makofi. Siyo kwa ubaya. Utepe ukikatika watu hupiga makofi, ndivyo tulivyozoeshwa.

"Mtoeni!" Getruda akapiga kelele. "Asimeze! Leteni maji na sabuni!"

Akatolewa upande ule wanakotokea ng'ombe, akamwagiwa ndoo kwa ndoo, akasuguliwa kwa sabuni ya mche, miwani ikiwa palepale usoni, kisha Getruda akamwelekeza kwenye uzio wa kukaukia.

"Simama hapo mpaka ukauke. Utaratibu ni huo."

Ndipo pikipiki ya Mwalimu Akonaay ikafika. Mwalimu akashuka polepole, akaegemea ule uzio.

"Hermani."

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Vua kwanza hicho kitu."

Hermani akavua. Mwanga ukamjia wote kwa pamoja. Akauona Mlima Hanang. Akaona shuka nyekundu, na ndani yake mzee mwenye mvi anayehema. Akaelewa nusu ya mambo.

"Mwalimu, nilikuwa namfukuza Festo. Alikuwa ameniacha mbali."

"Festo alikuwa nyuma yako."

"Nyuma wapi, mwalimu? Sikusikia mtu!"

"Hukusikia mtu kwa sababu uliwaacha wote toka darajani. Sijawahi kuona kijana anakimbia vile. Nilikuwa kwenye pikipiki, nimeshatoa kalamu nikuandike. Mbele yako hapakuwa na mtu, Hermani. Palikuwa na barabara tu."

Hermani akaitazama ile miwani mkononi mwake.

"Festo amefika Katesh," akasema mwalimu. "Nafasi imejaa."

Hapo hata ng'ombe wakaacha kucheua. Hata mpiga picha akaona haya, akashusha kamera. Kijana alisimama kwenye uzio, maji yanamtiririka visiginoni.

Mzee Bura akakohoa. Akaja mpaka kwenye uzio, kamshika ndama wake sikio.

"Mwalimu, samahani. Huyu kijana ninyi hamumchukui?"

"Mwaka huu hapana, mzee."

"Haya. Mimi namchukua." Akamgeukia Hermani kwa heshima zote. "Mwanangu, una mbio. Huyu ndama hutoroka kila siku, na magoti yangu yamechoka. Utakula kwangu, utakunywa maziwa. Kazi unaanza kesho."

Hermani akafuta uso. Kuchaguliwa ni kuchaguliwa. Akanyoosha kidevu, akaanza kuivuta tena ile miwani kichwani.

"Ila hiyo iache hapohapo," akasema Mzee Bura. "Kesho nataka urudi na ndama wangu, usije ukaniletea fisi."