Mablanketi ya Ghati Hayaanikwi

Nyansurura,
2 Mei 1994

Kwa Baba Mkwe, Mzee Mwikwabe,

Shikamoo Baba. Mimi mkweo ni mzima, isipokuwa kifua, na kifua ndicho kilichoniandikisha barua hii. Najua si adabu kumshtaki mke kwa baba yake, ila nimevumilia masika nzima.

Binti yako Ghati anaosha mchanga wa dhahabu huko ng'ambo ya mto. Wanamwaga mchanga na maji juu ya blanketi ili dhahabu inase kwenye manyoya. Jioni analirudisha limelowa na kulitundika chumbani kwetu. Nilipomshauri alianike juani, alinijibu kwa upole: "Likikauka, dhahabu itapeperuka na vumbi mpaka kwa Machage. Kwani Machage ndiye aliyenioa?" Machage ni jirani yetu.

Sasa mablanketi ni manne. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukuta umeota ukungu wa kijani kuanzia chini mpaka usawa wa mto wangu wa kulalia. Ghati anasema rangi imependeza.

2. Suti yangu ya harusi, ile uliyoisifu mwenyewe, imepata madoa meupe. Kanisani mzee mmoja alinipangusa bega akidhani ni unga. Haukutoka. Akahamia benchi la mbele.

3. Maharage ya nyuma ya nyumba nayo majani yamekuwa meupe. Bwana shamba anasema ni ubwiri, unaletwa na unyevu wa hewa. Sisemi umetoka chumbani, ila dirisha letu linatazama huko.

4. Nimehamia jikoni, na kuku wameanza kunizoea.

Baba, mwanamke akionewa hurudi kwao. Hapa aliyeonewa ni mimi, na wazazi wangu walishatangulia. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, nirudi kwenu. Chumba alicholala Ghati kabla sijamwoa kitanitosha. Nitachota maji na kukata kuni. Akija kunifuata, mkalisheni kikao, mwonyeni, na msinikabidhi kwake mpaka alete mbuzi.

Nisalimie Mama kwa mbali, kama desturi inavyotaka, pia shemeji Wegesa na wanawe, na majirani wote wenye nyumba kavu.

Ni mimi mkweo ninayekohoa,
Hezekia Mogesi

N.B. Barua ilikuwa bado mezani leo Ghati alipokwenda sokoni, nami nikalifua kwa siri blanketi lililooza kuliko yote. Maji yalipotulia, chini ya beseni palikuwa na dhahabu, punje kubwa kama ya wimbi. Aliporudi nilimweleza yote, hata habari ya barua. Alicheka mpaka akakaa chini. Baba, chumba msikiandae. Kesho tunakwenda mtoni wote wawili, na kama hapo nyumbani kuna mablanketi ya zamani, mpe huyu aliyeleta barua.