Taa ya Oili na Harusi ya Dada Salima

Jumatatu, 7 Desemba 1998

Jambo hili sijapata kumwambia mtu: sijawahi kushika spana. Nyumba nzima inaamini najua magari kwa sababu nimesoma kitabu cha injini mara tatu. Nimewaacha waamini. Ni raha kuaminiwa, hasa kwa mtu ambaye wageni wakibisha hodi hujificha jikoni.

Leo imani yao imenifika shingoni. Gari la Baba, la mtumba kutoka Japani, alilolipata kwa biashara ya korosho, lina taa nyekundu ya oili. Iliwaka juzi akipanda kutoka kwenye pantoni ya kuvukia mto, pale Ndundu. Ikazima. Ikawaka tena kwenye kilima. Kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa, ila Baba hakiamini. Amesema Mjapani hawashi taa bure, na gari halitoki uani mpaka apatikane wa kuikomesha.

Na Jumamosi ni harusi ya Dada Salima! Gari hilo ndilo la kumpeleka kwa mumewe, kijijini Umwe. Wakwe wameshaahidiwa. Fundi yuko Dar. Likishindikana, bibi harusi atapanda pikapu ya Mjomba Mfaume, inayobeba kamba wanaoletwa kwa boti kutoka Mbwera.

Dada ameniita chumbani. "Muzda, mdogo wangu, nisifike kwa watu nanuka kamba. Nakutegemea wewe."

Nikamwambia Baba tatizo ni sensa, kidude kilicho ubavuni mwa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kinachopima kiasi cha oili. Nilisema kama daktari. Ameagiza mpya kwa dereva wa basi.

Jumatano, 9 Desemba

Sensa imefika, imefungwa kwa gazeti. Haina gasketi, ile pete ya kuzuia oili isivuje. Jeki yetu imeazimwa, na aliyeiazima kahama. Basi Baba amepandisha magurudumu ya mbele juu ya magogo mawili ya mnazi. Gari limesimama kama mbuzi anayefuata majani ya juu.

Nimeingia uvunguni. Oili ya kwanza imeniingia sikioni. Iliyobaki imeingia kwenye karai. Sikuuliza ni karai la nini. La maandazi ya harusi! Mama hakunifokea. Alikaa chini akashika kichwa, na hiyo ni mbaya zaidi.

Gasketi nimekata kwenye ndala ya Baba. Ya kushoto, kisiginoni, mahali asipopaona akiwa ameivaa. Oili nimeichuja kwa kitambaa, nikairudisha. Baba akawasha gari.

Taa inawaka.

Mrisho, mtoto wa Mjomba Mfaume, akatokea. Tuko kidato kimoja. Kaniita Profesa mbele ya wapishi wote. Akauliza kwa nini gari nimelielekeza mbinguni, na je, mimi nikiinamisha bakuli, uji hubaki katikati? Wapishi wakacheka mpaka mmoja akaunguza vitunguu. Nilikuwa na jibu zuri sana. Limenijia sasa hivi: Mrisho alipata kumi na nane katika Fizikia.

Alhamisi, 10 Desemba

Ndala imevimba, inavuja. Nimefungua upya. Nimekata gasketi nyingine kwenye jalada gumu la daftari la Jiografia. Haivuji! Mara ya kwanza Jiografia kunifaa. Nimesugua waya kwa msasa. Nimekaza. Nimelegeza. Nimeiomba kwa upole.

Taa inawaka.

Mrisho ameileta pikapu kuioshea uani kwetu, makusudi, kwa sabuni na ndimu. Salima alichungulia dirishani, akanusa, akafunga dirisha. Heri angenitukana.

Ijumaa, 11 Desemba

Baba amechoka. Baada ya swala alisema gari lishushwe kwenye magogo, lipishe turubai la wageni. Wanaume wamelisukuma hadi penye tambarare, akaliwasha alisogeze kidogo.

Taa haikuwaka! Amezunguka nalo uani huku kuku wanatawanyika. Haikuwaka!

Mrisho akasema, "Profesa, si nilikwambia?" Hakuniambia chochote cha maana. Ni wazi sensa ilihitaji siku mbili kuzoea oili yetu. Baba amenishika bega mbele ya watu. Nimekimbilia jikoni.

Jumamosi, 12 Desemba

Nilikaa kiti cha nyuma, Salima katikati, Shangazi Mashavu upande wa pili. Bibi harusi hasemi njiani. Huinamisha kichwa ndani ya mtandio mpaka afike. Mrisho na baba yake walitufuata na pikapu, wamebeba wapiga ngoma.

Tulipokuwa tunapanda kilima, taa ikawaka.

Baba akakanyaga breki papo hapo, katikati ya kilima. Akasema hasogei hata hatua. Mrisho akaruka kutoka kwenye pikapu, akafungua mlango wake, akainama kama mhudumu wa hoteli. Harufu ilitufikia kabla yake. Shangazi Mashavu akajifunika pua. Mimi nilitazama magoti yangu. Nilitamani gari linimeze.

Ndipo mkono wenye hina ukapita kati ya viti. Salima akatandaza leso yake juu ya ile taa, akaibana kwa vidole.

"Baba, wewe tazama barabara. Taa niachie mimi."

Baba hajapata kuamrishwa na bibi harusi. Akatia gia. Salima hakuondoa mkono mpaka Umwe. Tulipokelewa kwa vigelegele na udi. Kabla ya kushuka alinifinya kidole, akainamisha kichwa, akawa bibi harusi tena.

Jumapili, 13 Desemba

Nimefikiri sana. Sensa haina kosa. Kosa ni la kile kilima, kimekaa vibaya.

Baada ya chai nilichukua spana nikaenda kwa Mjomba Mfaume. Nilikagua pikapu yake. Haina taa ya oili, na haijapata kuwa nayo. Nikamweleza, huku natazama miguu yake, kwamba hilo ndilo tatizo. Akasema gari lake halina tatizo. Nikamuuliza atajuaje, bila taa? Nikatandika gunia, nikaingia uvunguni na ile sensa ya zamani ya gari la Baba, nikaanza kutafuta mahali pa kutoboa.