Bolti Nne za Msumeno

Jumatatu, 3 Machi

Nimepanda cheo! Afisa Usalama wa karakana nzima ya samani. Bosi alitutazama mafundi kumi na tisa, akauliza nani ana mwandiko mzuri. Nikanyoosha mkono. Basi. Ijumaa anakuja mkaguzi wa usalama kazini. Tukifaulu, nabaki na cheo na meza. Tukifeli, narudi kupiga msasa na kuvuta vumbi la mbao mchana kutwa. Kifua changu hakitaki tena. Sirudi ng'o.

Nikazunguka kukagua. Bora nisingezunguka. Nyaya zimechubuka. Mlango wa dharura umezibwa na makabati. Msumeno wa meza uko wazi, meno yote nje, kwa sababu kinga yake ya chuma imetundikwa ukutani na watu wanaitundikia makoti. Anayeutumia ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kazi hii mimi ndiye niliyemtafutia. Anasema bolti nne za kinga zilikatika zamani, anaomba nyingine. Nimemwambia hilo aniachie mimi.

Jumanne, 4 Machi

Stoo kuna miwani ya kinga moja tu. Moja! Nimepata akili. Nimewapiga mafundi picha mmoja mmoja, kila mtu akiivaa kwa zamu, tukianza na fundi rangi. Picha kumi na tisa kwenye faili. Zinapendeza.

Mama Stoo akazipekua mbele ya watu. Akasema ni ajabu jinsi miwani kumi na tisa ilivyopata ufa mmoja, kioo kile kile cha kushoto. Karakana nzima ikaangua kicheko, hata shemeji. Mkononi nilikuwa na fomu ya kumwomba bolti. Nikaichana pale pale. Siwezi kumpigia magoti mtu aliyenivunjia heshima.

Jumatano, 5 Machi

Watu sita wameamka na macho mekundu. Kumbe fundi rangi alikuwa anaumwa macho tangu juzi. Nimewaagiza Ijumaa watazame chini, waonekane wanyenyekevu.

Shemeji kauliza tena bolti. Hakuuliza kwa ubishi. Alisema mbao mbichi zinaruka, naye anaogopa. Nikamwambia leo leo.

Wenzangu walipokwenda kula nikaibandika kinga kwa gundi ya mbao. Kisha nikachora vichwa vinne vya bolti kwa kalamu nyeusi, na vivuli vyake. Jamani, nina kipaji! Ukisimama hatua mbili huwezi kujua.

Shemeji aliporudi, akaitazama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema dada yake huwa anamuuliza kila siku kama kazi ni salama, na leo atamjibu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalifika kooni. Bosi akapita, akasifu kazi nzuri. Nikameza.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimwambia shemeji aende taratibu na msumeno. Akauliza kwa nini, si kinga ipo. Nikasema hamna kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi ni mama mmoja mpole, haandiki kitu mpaka akiguse. Aligusa nyaya. Aligusa makabati. Nikajitahidi kusimama kati yake na msumeno. Akanizunguka, akaomba auone ukifanya kazi.

Ningeweza kuuzima. Swichi ilikuwa karibu yangu kuliko mtu yeyote. Nikawaza meza yangu.

Shemeji akasukuma ubao bila wasiwasi, mkono karibu na kinga. Ubao ukaruka. Kinga ikabanduka kama kifuniko cha sufuria na mkono wake ukapita.

Vidole viwili vya mkono wa kulia.

Mama Stoo ndiye aliyefika kwanza. Aliukaza mkono ule kwa mtandio wake, akauinua juu, akaagiza gari. Mimi nilikuwa natafuta ufunguo wa sanduku la huduma ya kwanza. Ulikuwa mfukoni mwangu. Na sanduku lenyewe lilikuwa tupu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda hospitali. Mke wangu amekaa upande wa pili wa kitanda, amenipa mgongo.

Shemeji alinitazama. Akasema, "Shemeji, mimi niliziona bolti. Niliziona kwa macho yangu."

Nilitoka nje nikalia ukutani, watu wakipita na kunipa pole, wakidhani nimefiwa. Naona aibu. Mimi ni mtu mbaya. Naliandika hapa ili nisije nikalikana.

Jumatatu, 10 Machi

Mkaguzi ameufunga msumeno. Anataka ushahidi kwamba kila fundi alifundishwa usalama kabla ya kushika mashine. Asipoupata, jina litakalopelekwa mahakamani ni la Afisa Usalama. Bosi ameniita akaniambia hayo akitazama dirishani.

Hakuna aliyewahi kufundishwa chochote. Lakini nina mwandiko mzuri. Asubuhi hii nimeandaa orodha ya mahudhurio: Mafunzo ya Matumizi Salama ya Msumeno, Jumamosi, tarehe 1 Machi. Mafundi kumi na saba wameshatia sahihi bila kusoma. Yangu ni ya kumi na nane.

Imebaki sahihi ya shemeji. Mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, kalamu hawezi kushika. Nimefikiri sana, nimepata ufumbuzi. Gumba la kushoto ni zima kabisa. Nimeweka kidau cha wino kwenye mfuko wa machungwa, nakwenda kumwona mgonjwa. Nitasubiri dada yake atoke kidogo.