Ukuta Uliosogezwa kwa Kidole

Jumatatu, 14 Julai
Leo hoteli nzima inayojengwa hapa imeingia kwenye kompyuta! Maryanne wa ofisi ya msanifu kaja nayo kutoka Nairobi. Kuta, mabomba, hata vitasa vya milango. Nikamwomba anionyeshe langoni, ninapouzia viazi karai. Ukuta! Umepita katikati ya jiko langu! Upande wa Kache, muuza mahamri, peupe. Kache akacheka mpaka akakaa chini. Mwanangu Feisal naye akacheka. Miaka mitatu, na msaliti tayari. Mwakani anaanza chekechea, na ni karai hilo litakalompeleka.

Jumanne, 15 Julai
Nimempelekea Maryanne viazi na ukwaju mzito. Nikamwambia mwarobaini wa langoni una mizizi mikubwa, ukuta utapasuka. (Kweli. Nusu.) Akausogeza nyuma hatua mbili. Kwa kidole kimoja! Akasema ni kujaribu tu, bado haujapitishwa. Hayo ni ya kwao. Mimi nimeona kwa macho yangu. Nikamsalimu Kache kama mwenye nyumba anavyomsalimu mpangaji.

Alhamisi, 17 Julai
Balaa! Mzee Menza, fundi mkuu, kavuta uzi wa kupimia ukuta juu ya karai langu. Nikampa shikamoo, nikamweleza habari ya kompyuta. Akasema yeye kazi kaipata kwa ramani ya karatasi, yenye sahihi na muhuri, na hiyo sinema ya Maryanne haina hata kimoja. Eti mimi Mama Feisal nitulie, nimwachie yeye. Nitulie vipi, uzi umo ndani ya mafuta?

Alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaichukua ile karatasi yenye ramani ya ukuta mezani kwake. Nikafungia viazi. Wamekula watu kumi na mmoja. Kahindi, fundi bomba, kaisifu: karatasi nzito, hainywi mafuta.

Ijumaa, 18 Julai
Imefaulu! Menza hana karatasi, kakubali kompyuta. Maryanne kwa furaha akazipachika ramani zote pamoja kwa mara ya kwanza, ya kuta na ya mabomba. Langoni pakawaka pekundu, alama ya vitu kugongana. Ukuta wangu niliousogeza umekalia shimo la choo!

Wakapiga simu Nairobi. Ukuta ubaki hapo, kwa heshima ya mwarobaini. Shimo ndilo lihame, lije karibu na lango, gari la kunyonya maji machafu lifike vizuri. Yaani kwenye jiko langu. Limepitishwa. Lina muhuri.

Menza akanitazama kwa huruma. Akasema alikuwa ameshaamua, siku ya kuchimba, aupindishe uzi kidogo unikwepe. Mafundi hufanya hivyo siku zote, karatasi haisemi. Lakini kompyuta, mama, inaona kila kitu. Kisha akaniuliza, taratibu, viazi vya jana nilivifungia kwenye nini.

Nikasema gazeti.

Jumatatu, 21 Julai
Kache kanisogezea nusu ya meza yake. Hakunicheka. Akambeba Feisal, akampa hamri la moto, akasema tuuze pamoja, viazi na mahamri havijawahi kugombana. Nimelia kidogo. Kumbe ana moyo, Kache.

Ila meza yenyewe fupi. Viwiko vinagongana. Sisi lingetufaa banda hasa, jiko la matofali, benchi mbili na kivuli cha Feisal kulala. Lingeenea kabisa pale palipochorwa chumba cha mlinzi. Mlinzi wa nini chumba? Yule hupenda kusimama.

Maryanne anarudi kesho. Nimeshaloweka ukwaju.