Ndoo Sita za Siku Arobaini

Vitalis alikuwa Kilosa kwenye msiba wa watu asiowajua, maana msibani hakuna anayemuuliza mtu kadi ya mwaliko, ndipo aliposikia akina mama wawili wakilalamikia bei ya chakula cha kuku. Akaacha kutafuna. Mwingine angesikia malalamiko. Yeye alisikia riziki ikibisha hodi.

Wiki iliyofuata alitoka Mikumi na pikipiki yake nyekundu, ndoo sita za plastiki zimefungwa nyuma. Pikipiki ile, tuseme ukweli, ndiyo kitu pekee alichowahi kukinunua kwa jasho lake, baada ya miaka miwili ya kubeba magunia ya mpunga Tindiga, na aliipenda kuliko binadamu yeyote. Alisimama Chanzuru kwa Mama Magreth, mweka hazina wa akina mama wa kanisa, mwenye kuku wengi na haraka ya kuwanenepesha. Akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Baada ya hapo maneno yalimtoka kama mtu aliyeyasomea. Ndani ya ndoo mlikuwa na mayai ya minyoo wa kisasa. Mama angeingiza maganda, pumba na samadi kupitia tundu la mfuniko, basi: mboji kwa bustani, minyoo kwa kuku. Sharti lilikuwa moja tu.

"Usifungue kabla ya siku arobaini, mama. Hawa ni wageni wa nchi, mwanga hawauwezi. Ukifungua mapema wanayeyuka, wanageuka udongo mtupu."

Sharti lile alilipenda mno. Siku arobaini zinamtosha mtu kuhama mkoa, na anayefungua mapema hana wa kumlaumu. Ndani ya ndoo hamkuwa na kitu ila udongo aliouchota nyuma ya baa moja ya Mikumi. Mama Magreth alizichukua zote sita kwa majogoo saba na gunia la mchele, na Vitalis akaondoka akipiga mluzi.

Miezi miwili baadaye alikuwa kijiweni kwake Mikumi, pale malori yanapopumzika, alipofika dereva aitwaye Yared na trei za mayai. Yared akasimulia kwamba yametoka Chanzuru, kwa mama mmoja anayelisha kuku wake funza na minyoo wa kwenye ndoo. Kuku wamenona hadi kukimbia hawawezi, na watu wanatoka Rudewa kufuata mboji yake.

Vitalis akacheka. Kisha akaacha kucheka. Je, kama ule udongo kweli ulikuwa na mayai? Ndilo kosa la wajanja hilo: uongo wake aliusema vizuri hata ukamwingia mwenyewe. Alichukua koleo akakimbilia nyuma ya baa, akakuta pamemwagwa zege na kupangwa meza za nyama choma. Zilibaki ndoo sita tu duniani.

Huko Chanzuru alimkuta Mama Magreth amekunja mikono ya gauni, anageuza samadi na maganda ya ndizi kwenye kasha la mbao lililojaa nyungunyungu wekundu. Pembeni kulikuwa na beseni la funza wanene na kuku wanaogombana. Zile ndoo sita zilikaa kivulini, zimefungwa vizuri.

Vitalis akasema ametumwa kuzikusanya kwa ajili ya utafiti. Mama akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Hawa unaowaona ni watoto, mwanangu. Mama zao wamo humo. Nikikupa, mimi nibaki na nini?"

Vitalis akaahidi majogoo kumi, akaongeza mchele, akaongeza mbuzi asiyekuwa naye. Mama alitazama pikipiki, akasema kubeba samadi kutoka kwa wafugaji kunamvunja mgongo. Moyo ulimuuma Vitalis, ulimuuma kweli, lakini akatoa ufunguo na kadi ya pikipiki.

"Nimeziwekea chakula kipya leo," mama akamwambia. "Kwa hiyo zile siku arobaini zinaanza upya."

Alirudi nazo Mikumi kwa basi, akavumilia siku tatu. Ndoo ya kwanza ilikuwa na udongo mkavu na vizibo vitano vya bia, vya baa ileile. Nyingine tano zilikuwa hivyohivyo.

Alirudi Chanzuru kwa basi, ndoo moja mapajani, akawakuta akina mama wa kanisa wamejaa uani. Akawaamkia wote, kisha akasema ndoo zina udongo tu.

"Umefungua lini?" Mama Magreth akauliza.

"Juzi."

Akina mama wakaguna, wakampa pole kama aliyefiwa. Vitalis alifumbua kinywa aeleze kwamba minyoo hawayeyuki, akaona itabidi aseme pia udongo ule uliingiaje humo. Akakifumba.

Mama Magreth, mtu wa adabu, alimsindikiza hadi barabarani. Huko ndiko alikomwambia polepole.

"Mimi nilifungua siku ileile, hujafika hata darajani. Nikaona aibu, maana ningewaambia nini wenzangu? Nikaenda kuchimba nyungunyungu kwenye migomba, nikaacha maganda wazi nzi watage. Kazi kweli, lakini inalipa. Ungejaribu na wewe, ndoo si unazo."

Honi ikalia nyuma yao. Alikuwa Irine, binti wa Mama Magreth, juu ya pikipiki nyekundu yenye viroba viwili vya samadi. Vitalis akaikumbatia ndoo yake na kusogea pembeni kuipisha.