Soksi ya Mkufunzi Ngeleja

Ngeleja alishuka Lusahunga kwa sababu dereva wa lori alichoka kumsikiliza. Alikuwa ametoka Mwanza kwa haraka na bila kuaga, jambo ambalo watu kadhaa walilichukulia vibaya. Miaka ile kila mwenye njaa ya fedha alikimbilia Ngara. Wakimbizi walikuwa wamejaa, mashirika yamejaa, magari meupe yanatimua vumbi, na hata asiyejua kushika jembe aliweza kuajiriwa kugawa majembe.

Alikuwa akila mishikaki kibandani aliposikia wazee wawili, waliokuwa wakisubiri lori la kurudi Ngara, wakinong'ona. Mmoja alikuwa Desderius, mlinzi wa stoo ya shirika fulani kambini. Mwingine alikuwa Leonsia, mtunza stoo hiyohiyo, mama wa miaka hamsini na kitu.

"Wakimbizi wakirudi kwao tutapunguzwa kazini," alisema Leonsia. "Wataanza na sisi wazee. Juzi nimesahau funguo mlangoni, kijana wa ofisini akacheka mpaka akakaa chini."

"Mimi nilitafuta miwani asubuhi nzima," akasema Desderius. "Kumbe nimeivaa."

Ngeleja akaacha kutafuna. Wengine wakiona wazee wenye hofu huwahurumia. Yeye, aliyejaliwa macho ya aina yake, aliona mtaji.

"Samahani kwa kuingilia," alisema. "Habari za mtihani mmeshazisikia?"

Hawakuwa wamezisikia, kwa kuwa mtihani wenyewe ulikuwa umezaliwa pale pale, kati ya mshikaki wa pili na wa tatu. Kila mfanyakazi aliyevuka miaka arobaini na tano, alieleza Ngeleja kwa huzuni kubwa, atapimwa kumbukumbu na wataalamu kutoka Ulaya. Atakayeshindwa, kwaheri. Na kwa bahati ambayo huwatokea watu kama Ngeleja peke yao, yeye ndiye mkufunzi aliyetumwa kuwanoa.

Wiki iliyofuata darasa likafunguliwa karibu na kambi, kwenye ukumbi wa gesti ya mjane Eustakia, kando ya barabara ya Rusumo. Walikuja walinzi, wapishi na madereva, wote wenye mvi, wote wamelipa ada. Eustakia alisoma bure na Ngeleja akalala bure, na kila mmoja aliona amempunja mwenzake.

Sheria ya kwanza ya darasa ilikuwa hii: hapa hakuna mzee, kuna mwanafunzi. Mkufunzi akiingia, wote wasimame wamwamkie. Basi Desderius, babu wa wajukuu kumi, alisimama kila asubuhi akamwambia "Shikamoo, mwalimu" kijana ambaye angeweza kumzaa. Kijana akaitikia "Marahaba" bila hata kuona haya. Iliuma kutazama. Lakini mshahara wa Desderius ndio uliowasomesha wajukuu, kwa hiyo alimeza.

"Akili ni nyumba," alifundisha Ngeleja. "Ukitaka kukumbuka, tembea nyumbani kwako kwa mawazo, useme kila kitu kilipo."

Tumtendee haki: elimu yenyewe ilikuwa ya kweli. Aliwahi kuisikia redioni siku moja ya mvua. Kilichokuwa chake mwenyewe ni mazoezi ya faragha, mwanafunzi mmoja mmoja, mlango umefungwa.

Zamu ya Leonsia ikafika.

"Mlangoni kuna nini?"

"Jembe."

"Haya. Ukutani?"

"Picha ya Bikira Maria."

"Haya, haya. Chini ya kitanda?"

"Sanduku."

Ngeleja akaacha kupiga miayo. "Lina kufuli? Ndani yake mna nini? Kumbuka vizuri, mama. Mtihani huuliza sana masanduku."

Ndani ya sanduku mlikuwa na fedha za mabati. Leonsia alizikusanya tangu kambi ifunguliwe, maana alikuwa amechoka kuhamisha sufuria kila nyumba yake ya nyasi inapovuja. Akaingiwa na shaka. Alijibu kwamba amesahau, na kwa mara ya kwanza mkufunzi alikasirikia usahaulifu kwa dhati.

Kesho yake Leonsia akamuuliza mkubwa wake kazini juu ya mtihani.

"Mtihani gani?" mkubwa akacheka.

Jioni wakakutana jikoni kwa Eustakia. Ikajulikana kwamba kila mtu aliulizwa habari za sanduku.

"Nimemwamkia shikamoo!" alifoka Desderius. "Mimi, na mvi zangu! Nipeni rungu langu."

"Rungu litatupeleka polisi," alisema Leonsia. "Ada tumelipa. Tusome."

Asubuhi akanyoosha mkono darasani, mpole kabisa. "Mwalimu, tunaomba mfano. Tutembeze chumbani kwako."

Ngeleja hakuwahi kukataa kujisifu. "Nyuma ya mlango, suti ya kijivu. Mezani, redio kubwa. Dirishani, mafuta ya nywele. Chini ya kitanda, viatu vyeusi. Ndani ya kiatu cha kushoto, soksi..." Akakohoa. "Soksi tu."

Darasa likarudia kwa sauti, tena na tena, kwa bidii iliyokaribia kumtoa machozi.

Baada ya hapo kumbukumbu za wazee zikafunguka ajabu. Faraghani kila mmoja alikumbuka kwamba akiba yake ameificha nyuma ya nyumba, kwenye shimo la kuivishia ndizi. Mtu yeyote wa Ngara analijua shimo hilo. Unawasha moto ulipashe joto, unatandika majani, unapanga ndizi mbichi, unafukia mpaka ziive za kutengenezea rubisi, pombe ya ndizi. Kuweka noti humo ni kuzichoma. Lakini Ngeleja alikulia mjini Mwanza kwenye samaki, na ndizi alizijua sokoni tu.

Siku ya mtihani wa majaribio aliwafungia ukumbini, akaazima baiskeli na jembe, akaenda kuvuna. Kwa Leonsia alifukua ndizi. Kwa mpishi alifukua ndizi na majivu. Kwa Desderius moshi ulimpiga usoni, na alipofumbua macho akamwona mke wa mzee amesimama mbele yake.

"Karibu, baba. Niliambiwa utakuja kunifukulia. Zimeiva?"

Ngeleja alisema zimeiva. Akabebeshwa mikungu mpaka kwenye mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi, mmoja baada ya mwingine, hadi shimo likaisha.

Alirudi gesti mweusi kwa masizi. Chumbani mlikuwa na kitanda tu, kwa sababu kitanda kilikuwa cha Eustakia. Akakimbilia ukumbini. Mlango, ambao Eustakia alikuwa na ufunguo wake wa pili, ulikuwa wazi, na wanafunzi wamekaa wima.

"Nimeibiwa!"

"Keti, mwanafunzi," alisema Leonsia, akaligeukia darasa. "Nyuma ya mlango?"

"Suti ya kijivu!" waliitika. Desderius alikuwa ameivaa.

"Mezani?"

"Redio!" Eustakia alikuwa ameipakata, kama kodi ya chumba.

"Kiatu cha kushoto?"

"Soksi!"

"Ndani ya soksi?"

"Ada zetu," alisema Desderius. "Hiyo hukutufundisha. Tulijisomea wenyewe."

"Nakwenda polisi!"

"Nenda, mwanangu," alisema Leonsia. "Waambie umeibiwa ukiwa unafukua mashimo ya watu. Wakija kutuuliza, sisi ni wazee. Tunasahau."

Ngeleja akasimama pale, hana suti, hana soksi, hana nauli. Nje lori la kuelekea Lusahunga lilikuwa likiunguruma. Akamsogelea mzee Desderius, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Desderius alitoa miwani kwenye mfuko wa suti, akaivaa taratibu, akamtazama kwa makini. "Samahani. Wewe ni nani vile?"