Saa Arobaini za Chemchemi

Jumatatu, 3 Februari. Makambako.
Nimehukumiwa. Nililima viazi ndani ya mita sitini kutoka kwenye chemchemi, mimi niliyefundisha jiografia miaka thelathini. Hakimu amenipa saa arobaini za huduma kwa jamii: kupanda miti palepale, bila malipo. Nikikwepa, miezi sita gerezani. Nikamwuliza Jackline, afisa probesheni, mfungwa anayelala kwake analindwa na nani. Akasema: na majirani, Mwalimu. Jambo la kutafakari.

Jumanne, 4 Februari.
Saa tatu, mashimo manne. Mgongo unalalamika. Msimamizi wangu ni Fidelis wa kamati ya maji, yuleyule aliyenishitaki. Anaandika saa zangu daftarini hadi dakika. Nilipopumzika akauliza kama na vile viazi nilivilima nimekaa.

Alhamisi, 6 Februari.
Nimepata ufumbuzi. Huku kwetu Wabena shamba likikuelemea unaita majirani, unawapa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, jioni limekwisha. Hakuna anayesema si kazi yako. Sasa, watu ishirini kwa saa nne ni saa themanini. Nitakuwa nimezidisha. Mke wangu Yudita ameuliza kama hakimu ni Mbena. Sijaona uhusiano.

Jumamosi, 8 Februari.
Wamekuja wote ishirini. Miche mia tatu imeingia ardhini kabla ya saa nane mchana, kwa nyimbo. Mimi nilimimina ulanzi na kueleza jinsi mizizi inavyoshika maji. Hata Fidelis alikunywa vikombe viwili, kalamu mkononi.

Jumatatu, 10 Februari.
Jackline amesoma daftari, akacheka hadi akafuta macho. Akasema raia ishirini wasio na kosa wametumikia adhabu, na mwenye hukumu siku hiyo ana sifuri. Nikamweleza kwamba kumimina nako ni kazi. Akaacha kucheka. Nikirudia, ananirudisha kwa hakimu. Miti imekwisha, hivyo nitazibua mitaro ya soko. Ila, akasema, kwa kuwa majirani wananisikiliza, niwafundishe pia kutunza chanzo cha maji. Somo la saa moja, atalihesabu.

Jumanne, 11 Februari.
Mitaro inanuka. Nimelichunguza neno lake kwa makini. Somo moja, saa moja. Lakini wakija wasikilizaji arobaini, hizo ni saa ngapi? Yudita amekataa kunitangazia kanisani. Nimebandika tangazo mwenyewe: mada ni kutii sheria, ulanzi upo.